Pedi za Pikipiki ya Daktari Tabitha

Nimestaafu baada ya mvua za masika, na vijana niliowaacha karakanani wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Nadhani walitaka nipate la kufanya nyumbani, badala ya kushuka mjini kila asubuhi kuwasimamia. Nawaelewa. Basi naandika. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana mambo hayo hata mke wangu, Mama Furaha, hakuyaona kuwa ya kusimulia. Nitaandika kuhusu pikipiki, na zaidi kuhusu breki zake, kwa sababu sisi tunaishi kwenye mteremko. Kila aliyepanda asubuhi lazima ashuke jioni, na kushuka ndiko kunakotuletea misiba.

Kazi yangu yote niliifanya katika karakana ya chama cha wafugaji, pale Moshi mjini. Chama kilikuwa na pikipiki za wataalamu wa mifugo, wale wanaozunguka vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba na kahawa, kupandisha ng'ombe mimba na kutibu ndama. Ng'ombe wetu wamefungiwa bandani, hawamfuati daktari. Daktari ndiye anayewafuata, kwa njia ambazo mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiria mara mbili.

Siku ya kwanza nilivaa suruali iliyopigwa pasi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Pangani aliyeletwa Moshi na ndoa, akabaki kwa ajili ya watoto, na baridi yetu akailaumu mpaka mwisho. Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko ovaroli yake. Alitusahihisha sisi Wachagga sarufi kwa utulivu ule ule aliosahihishia nati iliyokazwa vibaya, na sidhani kama aliona tofauti kati ya makosa hayo mawili.

Nilitegemea anipe injini. Badala yake aliniambia nisukume pikipiki kuzunguka uwanja, moja baada ya nyingine, bila kuiwasha. Nilisukuma mpaka suruali ile ikasahau pasi. Kisha akaniuliza ni ipi iliyokuwa nzito. Nikamwonyesha. Akainama, akanionyesha breki ya mbele iliyokuwa inabana hata mkono ulipoachiwa. Alisema mwendesha pikipiki atakuja na maneno mengi, na mengine yatakuwa ya uongo bila yeye kujua, lakini chombo ukikisukuma kwa mikono kitakuambia ukweli. Nimesukuma kila pikipiki iliyoingia karakanani tangu siku hiyo. Vijana walinicheka. Mgongo wangu sasa unawaunga mkono.

Mwinjilisti mmoja wa upande wa Old Moshi ndiye aliyenifundisha kwamba breki ina maadui wengi, na mkubwa wao ni mwenye pikipiki. Breki yake ilikuwa inalia. Kila akikaribia kanisani ililia kwa sauti nyembamba, na watoto wa kwaya wakaanza kuiigiza. Akaona haya, akaipaka mafuta ya injini. Ikanyamaza kabisa. Jumapili iliyofuata alishuka kwa amani, akapita lango la kanisa, akapita kundi la wazee waliokuwa wanamsubiri, akaenda kusimama ndani ya lundo la majani ya ng'ombe la jirani. Hakuumia. Wazee walisimulia baadaye kwamba aliwapungia mkono wakati anapita, ila yeye alisema alikuwa anaomba msaada. Mzee Bakari alizitupa pedi zile bila kujaribu kuzisafisha. Pedi ni kipande cha bati nene kilichogandishwa kitu kigumu cha kusugua. Ziko mbili, zinabana sahani ya chuma iliyo kwenye gurudumu, tunayoiita diski. Kile kitu cha kusugua kikishakunywa mafuta, hakitapiki.

Mzee Bakari alistaafu, akajenga Shirimatunda, pembeni ya mji, akaniachia karakana. Miaka ya baadaye ndipo akaja Daktari Tabitha.

Alikuwa Mgogo wa Dodoma, mrefu, mkimya, na alipofika hakujua neno la Kichagga hata moja. Alipewa eneo la Kibosho pamoja na pikipiki ambayo wengine waliikwepa kwa uzee wake. Ilikuwa ya Kijapani, ya miguu mirefu, iliyoletwa zamani na wafadhili walioondoka zamani vilevile. Breki ya mbele ilikuwa ya diski, ya nyuma ya drami, ile inayobana ndani ya kitovu cha gurudumu. Wenzake waliona ameonewa. Yeye aliipanda, akaenda mpaka vihamba vya mwisho chini ya msitu, akarudi akasema hataki nyingine. Alisema kweli. Zile ndogo mpya zilizojaa mjini ni nzuri kwa lami, lakini ukizifungia mtungi mzito wa mbegu za ng'ombe nyuma ukazielekeza Kibosho wakati wa matope, zinakugeukia.

Akina mama wa Kibosho walimpenda taratibu, kama tunavyopenda sisi watu wa mlimani, yaani baada ya kumchunguza. Aliyempenda kwanza alikuwa Mama Prosper, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Tabitha alimtibia ng'ombe huyo homa, akaketi naye bandani mpaka akaanza kula. Kuanzia hapo Mama Prosper alimwita mwanangu.

Pedi za pikipiki ile zikawa adimu. Watengenezaji walishaacha kuzileta, na maduka ya spea mjini yalijaa vitu vya pikipiki mpya. Nilizitunza zile za mwisho kadiri nilivyoweza. Halafu nikaenda Rombo kwenye msiba wa shemeji yangu. Nikiwa huko, pedi zikaisha, na ng'ombe hawasubiri matanga. Tabitha akanunua pedi kwa mchuuzi wa barabarani, fundi wa kijiweni akamfungia. Zilikuwa zinang'aa, zimefungwa kwenye karatasi nzuri. Nani angejua?

Alikuwa anashuka kutoka juu mchana, akitokea kuhudumia ng'ombe. Mbele yake, chini ya kona, akina mama walikuwa wanashuka sokoni, wametanda barabara nzima na mizigo yao kichwani, wanaongea. Akabana breki ya mbele. Kile kitu cha kusugua kikabanduka kwenye bati lake, chote, kama ganda la ndizi. Mkono wa breki ukaja mpaka kwenye usukani. Akakanyaga ya nyuma, gurudumu likaanza kuteleza kwenye changarawe. Upande mmoja kulikuwa na akina mama, upande wa pili kingo ya udongo na mtaro, na nyuma ya mtaro kahawa. Akachagua mtaro.

Mmoja wa akina mama wale alikuwa Mama Prosper. Yeye ndiye aliyenisimulia, maana Tabitha mwenyewe hakusimulia. Alisema walisikia chuma kinasaga chuma, wakageuka, wakamwona anawatazama usoni, kisha anaugeuza usukani kwa makusudi. Alivunjika mtulinga, akachubuka uso. Mama Prosper alishusha mkungu wake, akavua kanga moja, akamfunga mkono, akakaa naye mtaroni mpaka gari lilipopatikana.

Niliporudi kutoka Rombo nilikwenda kumwona nyumbani kwake. Alikuwa amepanga Shirimatunda, karibu na Mzee Bakari. Nilimkuta na Mama Prosper, aliyekuwa ameshuka mlima na chungu cha mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kilichofungwa kwa kitambaa, akihakikisha unanywewa wote. Nikampa pole. Tukazungumza habari za mvua. Kisha Tabitha akaniambia kwamba ameomba arudishwe Dodoma, akae ofisini. Mama Prosper akatazama sakafu. Nikamwambia kwamba kila aliyepanda pikipiki ameanguka, na hofu huisha.

"Siogopi kuanguka, Fundi," akasema. "Nilishaanguka mara nyingi. Naogopa ule mkono ulivyokuja bila kitu. Niliushika, na hapakuwa na kitu."

Nimefanya kazi ya breki maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akiieleza breki iliyokufa vizuri kuliko hivyo.

Meneja wa chama, mtu mwema aliyezoea magari, aliniambia pikipiki ile ikauzwe chuma chakavu. Nikamwomba aniachie kwa muda. Sikuwa na hakika kwamba Tabitha angeipanda tena. Lakini niliona kwamba akiondoka, asiondoke akidhani breki ni kitu cha bahati nasibu.

Nikaipakia pikipiki kwenye gari la maziwa, nikaipeleka kwa Mzee Bakari. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, akaniuliza hali ya Mama Furaha, akaletewa kigoda. Kisha akaanza kuisoma diski kwa vidole. Alipitisha ukucha polepole kutoka katikati kwenda nje.

"Ukucha haujakwama," akasema. "Imekwaruzwa juu juu tu. Hii inaishi."

Akanituma nisome maandishi madogo yaliyopigwa kwenye chuma, maana diski nyingi zimeandikwa zenyewe unene wa mwisho unaoruhusiwa. Nikapima. Ilikuwa imebaki juu ya hapo, si kwa mbali sana. Halafu akaitikisa kalipa, kile kibanio cha chuma kinachoshika pedi. Ilitakiwa iteleze kushoto na kulia kwa urahisi. Haikuteleza. Pini zake mbili zilikuwa zimekauka, moja ina kutu. Hapo akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba kalipa isipoteleza, pedi moja inafanya kazi ya mbili, inachemka, inaliwa upande. Pedi zile za mchuuzi zilikuwa mbovu, ndiyo, lakini hata pedi njema ingeteseka mle. Mtu anayebadilisha pedi bila kuangalia kalipa, alisema, ni kama anayemvisha mgonjwa shuka jipya akasema amemtibu.

Kutafuta pedi kulinipeleka Tarakea, kule mpakani. Wenzetu wa ng'ambo hawatupi pikipiki upesi, na spea za zamani huvuka na mahindi na maharage. Nilikuwa nimebeba bati la pedi iliyobanduka mfukoni. Wengi huenda dukani na jina la pikipiki tu. Jina ni jambo jema kuanzia, lakini pikipiki mbili za jina moja zinaweza kuzaliwa na kalipa tofauti. Bati la zamani haliongopi.

Siku ya soko nilielekezwa kwa Mama Kavishe, mwanamke mnene aliyeuza spea ndani ya kontena na kufuma sweta wakati huohuo. Nikampa bati. Hakuuliza pikipiki gani. Akaliweka juu ya meza, akashusha maboksi matatu, akayaweka mbele yangu, akarudi kwenye sweta yake. Nikaelewa kwamba nami ninapimwa.

Pedi za kwanza zilifanana kabisa, mpaka nilipolaza bati juu yake. Tundu la pini lilikuwa limesogea kwa unene wa njiti ya kiberiti. Fundi mwenye haraka angelipanua kwa tupa. Msifanye hivyo. Pedi za pili ziliingia sawa, umbo lote. Lakini zilikuwa za vumbi la chuma lililoshindiliwa, ngumu, zile zinazopendwa na wanaoshindana mbio za pikipiki. Zinashika sana, tena hata kwenye mvua. Nilizishika kwa muda mrefu. Nilifikiria matope ya Kibosho, nikatamani. Kisha nikafikiria diski ile iliyozeeka, ya chuma laini, iliyobakiwa na unene mdogo. Pedi ngumu zingeila, na diski nyingine nisingeipata hata ng'ambo.

Za tatu zilikuwa za kawaida, laini kiasi, za rangi ya udongo. Umbo lilikaa. Nyuma ya bati kulikuwa na matundu ambamo kile kitu cha kusugua kilijaa na kushika, si gundi peke yake. Nikajaribu kukibandua ukingoni kwa ncha ya bisibisi. Hakikusogea.

"Hizo zinaisha mapema," Mama Kavishe akasema bila kuinua macho.

"Afadhali ziishe zenyewe kuliko ziimalize diski. Nitakuja tena."

"Sasa ndiyo unanunua," akasema, akaweka sweta chini. Akaingia ndani akaniletea jozi nyingine kama zile, niweke akiba, pamoja na mipira mipya ya pini ambayo sikuwa nimeiomba.

Nilizifunga polepole kuliko kazi yoyote. Kalipa niliiosha kwa maji ya sabuni na mswaki, si kwa petroli, maana petroli huvimbisha mipira. Pini nilizisugua kwa msasa, nikazipaka grisi inayovumilia joto, kidogo tu, mbali na pedi. Nilifungua kifuniko cha mafuta ya breki kabla ya kuirudisha ndani pistoni, kile chuma kinachozisukuma pedi, ili mafuta yapate pa kwenda, nikaweka kitambaa chini kwa sababu mafuta yale hula rangi. Mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama kahawa ya msibani. Nikayamwaga, nikatia mapya, nikatoa hewa mpaka mkono ukawa mgumu. Diski nikaipitisha msasa mwepesi, nikaifuta. Sikuzigusa pedi usoni kwa kidole. Halafu nikaupampu mkono wa breki, tena na tena, mpaka pedi zikasogea zikaigusa diski. Hili liandikeni ukutani kama mnataka. Baada ya kubadilisha pedi, mara ya kwanza ukibana, mkono huja mtupu. Wapo walioligundua hilo barabarani.

Kisha nikaizoesha. Pedi mpya na diski ya zamani ni kama maharusi, huwezi kuwatwisha mzigo mzito siku ya kwanza. Niliipeleka kwenye tambarare, nikabana kidogo, nikaachia, nikaacha ipoe, nikabana zaidi. Baadaye nikaipandisha Kibosho mwenyewe na kushuka nayo.

Tabitha alipopona alikuja karakanani kuaga. Hakusema hivyo, lakini alikuwa amevaa viatu vya ofisini. Nilimweleza nilichofanya, kila hatua, na nikampa ile pedi iliyobanduka aione. Aliigeuza mkononi. Kisha akaushika mkono wa breki wa pikipiki yake, akaubana. Akauachia, akaubana tena. Alikaa hivyo kwa muda, anabana na kuachia, kama mtu anayepima mapigo ya moyo wa ng'ombe.

"Umeshuka nayo?"

"Nimeshuka nayo."

"Basi panda nyuma yangu," akasema. "Tukashuke wote."

Vijana wangu, mimi naogopa kupakiwa. Nimeona ndani ya pikipiki nyingi mno. Lakini kuna wakati fundi anaulizwa kama anaiamini kazi yake, na jibu la mdomo halitoshi. Akaazima viatu vya mlinzi, akafunga mtungi na mkoba wake wa kazi nilivyokuwa nimemhifadhia, kwa mazoea nadhani, nikapanda nyuma. Tulikwenda juu mpaka barabara ya vumbi ilipokaribia msitu. Akageuza. Akasimama, injini ikiwaka, akiutazama mteremko. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Alipoachia klachi nilishika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili, na ninafurahi kwamba hakuwa na vioo vya pembeni vya kunionyesha.

Alibana mapema, kwa upole. Pikipiki ikainama mbele kidogo, ikapungua. Akaachia. Kona iliyofuata akabana tena. Taratibu mabega yake yakashuka na yakabaki chini. Tulipofika kwenye ule mtaro, Mama Prosper alikuwa amesimama katikati ya barabara, anapunga mikono miwili. Tabitha akabana kwa nguvu. Tulisimama mbali naye, sawasawa, bila kelele.

Mama Prosper hakushangaa kumwona. Alikuwa anatafuta mtu yeyote. Ng'ombe wake alikuwa anasukuma tangu asubuhi na ndama hatoki. Tabitha aliniachia pikipiki kabla hata sijashuka vizuri, akachukua mkoba, akaomba maji ya moto na sabuni, akapotea kwenye migomba. Nikaiegemeza pikipiki kwenye kingo, nikamfuata.

Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjwa. Tabitha aliingiza ule mkono wa upande uliovunjika, uso umelazwa kwenye ubavu wa ng'ombe, macho yamefungwa, akautafuta. Aliuma meno. Alipounyoosha akanipa kamba, akaniambia nivute ng'ombe anaposukuma na niache anapopumzika. Nilivuta na kuachia kama alivyoagiza. Ndama akatoka, wa kike, ametulia mno. Tabitha akamsugua mbavu kwa majani makavu, akampuliza puani, na Mama Prosper akamwita Mungu kwa Kichagga, kwa sauti ya chini. Kisha ndama akapiga chafya.

Tulinawa. Mama Prosper akatuletea ndizi za kuchemsha na maziwa, akatusimamia tukila. Tabitha alikuwa na damu mpaka kwenye nywele. Alimweleza ampe ndama maziwa ya kwanza mapema na amwangalie ng'ombe kama kondo la nyuma limetoka lote.

"Na lisipotoka?" Mama Prosper akauliza. "Nimwite nani?"

Tabitha alimtazama ndama, aliyekuwa anajaribu kusimama na kuanguka.

"Kesho nitapita," akasema.

Mzee Bakari tulimzika Shirimatunda miaka michache baadaye. Tabitha alikuja, akakaa na wanawake, akaimba nao. Kichagga chake sasa ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Pedi nimembadilishia mara nyingi tangu wakati huo, na safari hizi zinazokuja mtambadilishia ninyi. Mama Kavishe bado yupo, sasa anawafumia wajukuu.

Mimi niko nyumbani Kibosho. Alasiri nakata majani ya ng'ombe kwenye kingo, juu ya barabara. Mara nyingi nasikia injini ile inashuka kutoka juu. Inafika kwenye kona nisiyoiona, nyuma ya migomba, na hapo mlio unapungua, kunakuwa kimya, kimya kabisa, hakuna kinachosaga wala kulia. Huwa nasimama na mundu mkononi. Injini ikinguruma tena upande wa pili, naendelea kukata majani.